BAHARIA WA ZIWA KIVU NA CHEO CHAKE

(Maneno yaliyosemwa Bukavu mbele ya wafanya kazi na watu wa mji)



Ninyi wa migodi ya Kamituga mwamjua kapita: miaka ishirini yumo shimoni, anasikia jiwe kabla halijaanguka, lakini anayetia sahihi ni mwenye diploma. Leo nasema juu ya ndugu yake wa majini, baharia wa ziwa Kivu.

Kijana anaanza kwa kufunga kamba na kupakia mizigo. Baadaye anasimama karibu na mashini. Akibahatika, anashika usukani kati ya Bukavu na Goma. Baada ya miaka kumi mumuulize: kitabu chako cha kazi ki wapi? Hana. Kazi yake yote imekaa katika kichwa cha mwenye boti, na siku wakigombana imepotea.

Zamani kizuizi kilikuwa rangi. Hata siku ya uhuru, 30 Juni 1960, jeshi la Force Publique halikuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja. Siku 5 baadaye jenerali Janssens akawaandikia askari ubaoni kwamba mambo ni yale yale; wakaasi. Kizuizi kile kilivunjwa. Vya leo ni vingine: karatasi, umbali, feza na lugha.

Baharini ngazi inajulikana. Mkataba uliofanywa London mwaka 1978, na kutengenezwa tena baadaye, unaagiza hivi: anayetaka kuwa ofisa wa zamu ya usukani afanye miezi 12 melini, kama yumo katika masomo yaliyokubaliwa na kitabu chake kinaandikwa. Asiye na masomo hayo afanye miezi 36. Oneni bei ya kitabu: miaka 2 mizima! Tena mkataba ule ni wa meli za bahari. Baharia wetu akishuka Dar es Salaam au Mombasa, miaka yake ya Kivu haihesabiwi kuwa miaka ya bahari.

Shule ya waendesha vyombo vya mito iko Kinshasa, mbali sana nasi, na masomo ni kwa Kifaransa. Chuo cha mabaharia cha Dar es Salaam kinafundisha kwa Kiingereza. Mtu aliyejifunza ziwa kwa Kiswahili anashindwa darasani, si majini.

Mtasema: hayo ni mambo ya mabaharia. Hapana, wandugu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na Kituku, pale Goma. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu wakafa. Simhukumu mtu. Nauliza tu: tajiri akisema "pakia tena", nani atathubutu kujibu "imetosha"? Ni yule mwenye cheti mfukoni, maana atapata boti nyingine. Asiye na karatasi huinamisha kichwa na kung'oa nanga.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kila baharia awe na kitabu, kitiwe sahihi kila mwezi. Mtihani ufanyike hapa Bukavu na Goma, na kazi ya mikono iulizwe kwa Kiswahili. Cheo apewe mwenye ujuzi, si shemeji wa mwenye boti.

Nanyi abiria, kabla ya kutoa feza ya safari, ulizeni: kapiteni ni nani, na cheti chake ki wapi? Tukiuliza sote, matajiri watatafuta wenye vyeti, na vijana wetu watapanda ngazi.