Mawe ya Kuchaji: Soma Volti Kabla ya Kuuliza Bei

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja, fundi wa umeme, mbele ya mkutano wa tawi la askari wa usiku.)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya mawe ya tochi na redio, hasa haya ya lithiamu yanayochajiwa. Huenda mtu akauliza, "Mawe ya tochi na chama cha wafanya kazi, pana habari gani?" Habari ipo. Askari akinunua mawe mawili kila juma, kwa mwaka amenunua mawe 104. Na fedha hiyo inatoka katika mshahara wake mwenyewe, ili alinde mali ya mtu mwingine. Basi jambo hili ni la mfuko wetu. Tena ni la maisha yetu, kama mtakavyosikia.

Betri ya lithiamu inayochajiwa si kitu cha jana. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya betri hiyo. Ndiyo iliyo ndani ya simu ya kila mmoja aliyeketi hapa. Ni nyepesi, hushika nguvu nyingi, na huchajiwa mara mamia kabla ya kuchoka. Mimi sikuja kuitukana. Nimekuja kuwaambia ya kwamba inataka adabu yake.

Adabu ya kwanza ni volti. Volti ni kama msukumo wa maji katika mfereji: ukizidi, mpira hupasuka. Jiwe la kawaida la tochi lina volti 1.5. Betri ya lithiamu inayochajiwa, kwa asili yake, ina volti 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Sasa pana jiwe moja linaloitwa 14500, maana yake upana wake ni milimita 14 na urefu milimita 50. Kwa umbo ni sawa kabisa na jiwe dogo la AA. Ukiyaweka pamoja mezani, macho hayatakuambia tofauti.

Nami ni fundi, lakini niliwahi kufunzwa na ujinga wangu mwenyewe. Nilinunua mawe mawili ya namna hiyo, nikayatia katika redio ya mama yangu. Redio ile ilitaka volti 3 tu. Mimi nikaipa 8.4. Sauti ilitoka mara moja, kisha ikaja harufu, kisha kimya. Mama akaniuliza, "Na wewe ndiye unayetengenezea watu?" Sikuwa na jawabu. Muuzaji hakuniibia. Maandishi yalikuwa pale pale juu ya jiwe, ila sikuyasoma.

Basi mtu afanye nini? Kwa redio na tochi zinazotumia mawe ya kawaida, ziko njia mbili. Ya kwanza ni mawe ya kuchaji ya nikeli, yaani NiMH, yenye volti 1.2, ambayo vyombo vingi huyakubali. Ya pili ni mawe ya lithiamu yaliyoandikwa 1.5V, ambayo ndani yake mna kidude kidogo cha kupunguza volti. Mengi ya hayo yana tundu la kuchomeka waya kama wa simu. Ukiona jiwe la lithiamu limeandikwa 3.7V, nalo tochi yako haikusema ya kwamba inalitaka, lirudishe mahali pake.

Na hata haya ya 1.5V yana tabia zake. Jiwe la zamani likikaribia kwisha, mwanga hufifia pole pole, nawe unapata onyo. Hili la lithiamu hushika volti zake sawa sawa mpaka mwisho, kisha hukata ghafula. Askari mwenzangu, fikiri uko nyuma ya ghala saa tisa ya usiku, umesikia kishindo, na tochi ikazimika mkononi. Kwa hivyo anayeyatumia lazima awe na mawe mengine yaliyojaa mfukoni. Tena kile kidude cha ndani huweza kutia mvumo katika redio, hasa katika masafa ya AM. Ikiwa redio yako inavuma, huenda haina ugonjwa; jaribu mawe ya namna nyingine.

Msidanganywe na hesabu pia. Jiwe moja limeandikwa 3000 mWh, jingine 2000 mAh, na mtu hukimbilia lile la 3000. Kwa jiwe la volti 1.5, gawanya 3000 kwa 1.5, utapata 2000. Ni kitu kile kile. Na zile betri nene za tochi kubwa, ziitwazo 18650, zilizo nzuri huwa kama 2000 mpaka 3500 mAh. Ukikuta imeandikwa 9900, jua ya kwamba umeandikiwa uwongo. Wala saa ya ukutani haihitaji lithiamu. Hutumia nguvu kidogo sana, na jiwe moja la kawaida hudumu miezi mingi. Usitupe fedha.

Sasa nije kwenye hatari. Wengi wetu tumelelewa tukiona mawe yaliyochoka yakianikwa juani ili yapate nguvu kidogo. Kwa lithiamu, mchezo huo uachwe kabisa. Joto huiharibu, na ikiharibika ndani huweza kujipasha moto yenyewe mpaka ikawaka, na moshi wake ni sumu. Usiichaji ikiwa ni moto kupita digrii 45. Usiichaji kwa chaja ya mawe ya nikeli. Kila aina ina chaja yake. Na mawe ya kawaida yasiyo ya kuchajiwa yasitiwe katika chaja yo yote.

Wengi wetu tunakaa katika chumba kimoja, chenye mlango mmoja. Watu hutia chaji karibu na mlango huo huo, juu ya godoro au chini ya mto, kisha hulala. Nawasihi, msichaji juu ya kitu kinachoshika moto, wala msichaji mkiwa mmelala, wala msizibe njia ya kutokea. Betri ikivimba, ikipondeka au ikitoa harufu, chomoa waya kama unaweza bila hatari, wala usiitumie tena. Ikiwaka, kwanza toa watu nje, kisha piteni kelele. Redio hununuliwa nyingine, mtoto hanunuliwi.

Na likifa lisitupwe katika takataka zinazochomwa, wala watoto wasipewe la kuchezea. Funika ncha zake kwa utepe, uliweke mbali na funguo na senti, ulipeleke kwa wanaokusanya takataka za umeme.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa jambo la chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwamuru mwajiri alinde usalama wa wafanya kazi wake. Tena yataka pawe na kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Basi kamati zisikae kunywa chai tu. Natoa shauri ya kwamba tawi hili liwaombe matajiri mambo matatu. La kwanza, tochi na mawe yake viwe juu ya tajiri, visiwe juu ya mshahara wa askari. La pili, chaja iwe kazini, juu ya meza ya chuma au ya saruji, mahali penye mtu aliye macho. La tatu, pawe na debe la kutilia mawe mabovu, nalo liondolewe kwa utaratibu.

Hatuombi sadaka. Atakaye alindwe usiku, na atoe taa ya kulindia.

Kila mmoja leo akifika nyumbani, na afungue tochi yake asome maandishi juu ya jiwe kabla hajalala. Asiyejua kusoma amwulize jirani, si aibu. Haya ndiyo niliyokuwa nayo.