Ni Kazi Ipi Iandikwe Kijitabuni?

(Hotuba kwa wanafunzi wa vyuo wanaojitolea, iliyotolewa katika ukumbi wa kanisa)



Swali mlilotuletea laonekana kuwa la makarani. Chuo humpa mwanafunzi kijitabu cha saa za huduma kwa jamii, kikamtaka akijaze kabla ya kuhitimu. Je, ni kazi ipi iandikwe humo, na ni ipi iachwe? Sisi mawakili tumezoea kujibu kwa kufungua sheria. Tutaifungua, ingawa tunakiri mapema kwamba haitatufikisha mbali.

Katika sheria za Kenya, jina hili la huduma kwa jamii limepewa adhabu. Sheria ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu, pale kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, kumwamuru mkosaji afanye kazi za umma bila malipo badala ya kwenda jela. Ndicho wananchi wanachokiita kifungo cha nje. Basi mtamkuta mtu akifyeka nyasi kwenye zahanati huku akihesabiwa saa, na ng'ambo ya barabara mwanafunzi wa chuo akifyeka nyasi, naye akihesabiwa saa. Mpita njia atawatofautisha kwa lipi? Labda kwa fulana.

Si mzaha mtupu. Nchi hii imewahi kufanyizwa watu kazi kwa jina la jamii tangu enzi za wakoloni, na wazee waliomo humu hawakusahau kazi za lazima za chifu. Kuanzia mwaka 1984, miaka miwili baada ya jaribio la mapinduzi, wanafunzi waliokubaliwa katika vyuo vikuu vya umma walipelekwa kwanza katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kaka zetu waliopitia huko hutusimulia habari za gwaride, na mara chache sana habari za mwananchi waliyemsaidia. Leo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 30, inakataza mtu yeyote kushurutishwa kufanya kazi. Hatusemi kwamba chuo kinachodai saa hizo kinavunja Katiba. Twasema tu kwamba saa hazitoshi kuwa kipimo.

Tuwaeleze kisa kilichotufikia ofisini. Binti mmoja wa chuo alijitolea kwa wiki kadhaa kuwasomea wanawake wa kijiji barua zao. Mjane mmoja alikuwa amehifadhi samansi ya kesi ya shamba chini ya godoro, kwa kuwa iliandikwa Kiingereza na aliyeileta hakumweleza lolote. Wasiojua sheria na wafahamu: samansi hutaja siku ambazo mshtakiwa lazima ajitokeze, na asipojitokeza mahakama yaweza kutoa hukumu bila kumsikiliza. Mtu hulala na shamba akaamka hana. Binti aliisoma, akahesabu siku, akaona zimesalia tatu. Akampandisha mama huyo matatu, wakaja kwetu.

Alipoiandika kazi hiyo kijitabuni, afisa wa chuo aliikata kwa kalamu nyekundu. Mambo ya mashamba, alisema, ni siasa. Akamshauri aende sokoni kufagia pamoja na vijana wa mheshimiwa fulani, ambako kungekuwa na mpiga picha.

Tulikasirika, na tungali na hasira. Nani aliyekuwa katika siasa hapo? Wafanya biashara wa soko lile hawakuomba kufagiliwa. Walikuwa wameomba maji na choo. Mjane aliomba kusomewa barua. Sisi tungeuliza kwanza: anayehudumiwa aliiomba kazi hii, na angeweza kuikataa? Kisha tungeuliza iwapo ipo mikono mingine inayonufaika kuliko yake.

Tusiitukuze siasa nayo. Mnamo tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga, nao wakapewa hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints. Aliyekesha nao, akawachotea maji, alihudumia jamii hata kama hakuna muhuri uliogongwa. Lakini mwaka huo huo kikundi cha YK'92 kilikusanya vijana, nao pia hawakukosa bidii, kuitafutia KANU kura. Hiyo ilikuwa kazi ya chama. Mwanafunzi anayewafundisha majirani jinsi ya kujiandikisha kupiga kura na aiandike kazi hiyo. Anayewaambia wampigie nani, na aiache, hata kama mgombea wake ni mwanamageuzi tunayempenda sisi sote.

Na kwa kuwa tumo kanisani, mtuwie radhi: mazoezi ya kwaya si huduma kwa jamii. Ni ibada yenu, na twaifurahia, lakini msiyaandike. Kumsomea mgonjwa wa jirani ambaye si muumini wenu, hilo liandikeni.

Kuhusu binti yule, tumekiandikia chuo chake barua na kuambatisha nakala ya samansi kwa idhini ya mjane mwenyewe. Jibu halijaja. Kesi ya shamba ingali inasikizwa, na mama yule hakosi tarehe hata moja. Wale wanaotaka kusoma barua pamoja na wanakijiji wabaki nyuma baada ya mkutano huu watupe majina. Tutawaonyesha namna ya kuhesabu siku za samansi na jinsi ya kutunza siri ya mwenye barua. Msije na kamera.