Mpira Hauna Bei ya Shule Ndogo
Maneno ya mweka hazina kwa niaba ya kamati ya fedha, harambee ya mwaka



Kila mwaka sisi wa kamati ya fedha husimama hapa na kusoma mapato na matumizi, na kila mwaka tunaona namna baadhi yenu mnavyoanza kutazama simu. Mwaka huu tutaanza na mpira wa miguu. Hesabu zitafuata, maana hesabu ya mwaka huu imezaliwa uwanjani.

Mwaka jana tulitembelea shule sita ndogo za sekondari za kata, za visiwani na za mwambao wa mbali wa wilaya yetu. Tulikwenda kukagua madawati mliyoyachangia. Madawati tuliyakuta, yamehesabiwa na yana namba. Lakini katika shule moja tulikuta habari nyingine. Timu yao ilikuwa imetoka kwenye UMISSETA ngazi ya chini, imefungwa saba bila na shule yenye wanafunzi wengi mara sita kuliko wao. Tulidhani tutakuta watoto wamenuna. La, walikuwa wakimsimulia winga wao wa kushoto, kijana wa kidato cha tatu, aliyewahangaisha mabeki wa wenzao mpaka kocha wa upande wa pili akaandika jina lake ili aitwe kwenye mchujo wa kombaini ya wilaya kule Nansio.

Tukauliza: mchujo ulikwendaje? Kukawa kimya. Nauli ya boti haikupatikana kwa wakati. Ilipopatikana, upepo ulikuwa mkali, nahodha akasubiri mpaka utulie. Walipofika Nansio, majina yalikuwa yameshapelekwa. Hakuna aliyewafanyia hila, ratiba ni ratiba. Kijana akarudi kisiwani, na tulipofika sisi alikuwa na wiki tatu hajaonekana darasani. Yuko kambi ya dagaa.

Ndugu zetu, hatutaji jina lake wala la shule yake. Lakini tuliporudi Mwanza hatukuweza kuandika tu kwamba madawati yapo na kufunga daftari.

Tuanze na hesabu ya uwanjani. Sheria inasema kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na mtu akitazama anasema haki iko sawa. Sasa tuchukue mfano. Shule ina wanafunzi 180. Nusu ni wasichana, wamebaki wavulana 90. Toa wadogo wa kidato cha kwanza, wamebaki kama 65. Tukisema mmoja katika kila kumi ndiye mchezaji wa kushindana, shule hiyo ina wachezaji sita. Watano wengine wanajazia. Golikipa akiumwa malaria, anaingia mwanakwaya. Shule ya pili ina wanafunzi 1,200. Kwa hesabu ile ile inapata wachezaji zaidi ya arobaini, inachagua kumi na moja walio bora na bado benchi limejaa. Upande wa wasichana ni hivyo hivyo, kwenye netiboli na kwenye soka.

Tofauti hii imekua tangu mpango wa MMES ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikaenea nchi nzima. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Kabla ya hapo mtoto wa visiwani akitaka sekondari alilazimika kuhama nyumbani. Lakini shule ya kata ya kisiwani hupokea watoto wa kisiwa chake, basi. Haiwezi kukua kuliko kisiwa. Wilaya yetu ina visiwa 38, na mtoto wa kisiwa kidogo hakuchagua kuzaliwa huko.

Wenzetu wengine wamelitafutia jambo hili dawa. Marekani, katika majimbo mengi, shule za sekondari hugawanywa kwa madaraja kufuata idadi ya wanafunzi, ndogo hucheza na ndogo, kubwa na kubwa. Jimbo la Texas, shule ndogo kabisa hucheza ule mpira wao wa Kimarekani kwa wachezaji sita kila upande badala ya kumi na mmoja. Jimbo la Illinois wamekwenda mbali zaidi: shule isiyofungwa na mipaka ya eneo, inayoweza kuchukua watoto kutoka popote, idadi ya wanafunzi wake huweza kuzidishwa kwa 1.65 kabla ya kupangiwa daraja. Sisi wahasibu tulipoisoma hiyo tulicheka kwa furaha. Wameona kwamba ukubwa wa shule ni zaidi ya vichwa vilivyo darasani, ni pia uwezo wa kuchagua vichwa hivyo.

Jambo hilo tunalijua hata huku. Makongo ya Dar es Salaam ilijengewa jina la michezo kwa makusudi. Hapa Mwanza, Alliance ya Mahina imelea vipaji mpaka timu yake ikaingia Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Uganda wana St. Mary's Kitende. Hatuwaonei wivu, wamefanya kazi. Tunachosema ni kwamba shule inayotafuta watoto wa mpira na shule inayopokea watoto wa kisiwa chake si wa uzani mmoja, hata zikivaa jezi za rangi moja.

Je, tuiombe serikali ianzishe madaraja hapa kwetu? Kamati ililijadili. Tukaona kwanza tutazame kilichopo, na kilichopo kina jambo zuri ambalo wengi hatulitilii maanani. Kwenye UMISSETA ya taifa, shule hazichezi. Yanacheza mashindano ya mikoa. Mwaka 2018 hapa Mwanza, mwaka 2019 Mtwara, mwaka 2022 Tabora, waliovaa jezi walikuwa watoto wa shule mbalimbali waliounganishwa kuwa timu moja ya mkoa. Maana yake ni kwamba shule ndogo kufungwa saba bila si mwisho wa safari ya mtoto wake. Timu inatoka, mtoto anaweza kubaki. Kombaini haiulizi shule yako ina madarasa mangapi. Inauliza: uko hapa?

Na hapo ndipo sisi tunapokwama. Hatupo pale. Mlango uko wazi Nansio, mtoto yuko ng'ambo ya maji.

Sasa tuvae miwani ya uhasibu. Kuna gharama zinazopanda na kushuka kufuata idadi ya watu, kama daftari na chakula. Na kuna gharama zisizobadilika. Mpira wa miguu una bei moja dukani, awe anaununua mkuu wa shule ya watoto 180 au ya watoto 1,200. Hakuna bei ya shule ndogo. Boti ya kukodi haiulizi shule ina wanafunzi wangapi. Lakini ruzuku ya kuendesha shule hufuata vichwa vya wanafunzi. Kwa hiyo mpira ule ule, ukigawanywa kwa wanafunzi wa shule ndogo, unamwangukia kila mtoto kwa uzito wa zaidi ya mara sita. Ongeza boti ambayo shule ya Nansio mjini haihitaji kabisa. Huo ndio mwinamo wa uwanja wetu, ndugu zetu. Umeanza kabla ya filimbi.

Ubaya wa hesabu hii unatuonyesha pia uzuri wake. Gharama isiyobadilika ikibebwa na mtu mwingine, shule ndogo inapumua. Hatuwezi kuwapa watoto 1,000 zaidi. Tunaweza kulipa boti.

Tunajua yapo maswali. La kwanza: kwa nini tusitafute njia ya mkato, tuwaazime vijana wawili watatu wa ndondo tuwavalishe sare? Tumelisikia likisemwa kwa utani, na utani mwingine huwa ni kupima maji. Jibu la kamati ni hapana. Mamluki na vijeba wanamwibia mtoto yule yule tunayemtetea. Kila kijeba anayeingia uwanjani amemkalia mwanafunzi halali benchi. Shilingi ya Umoja huu haitapanda boti moja na mamluki.

La pili ni zito zaidi, na limeulizwa na mzee wetu mmoja kwenye kikao: maabara hazijakamilika, walimu wa sayansi hawatoshi, nyinyi mnazungumzia mpira? Mzee, tunakuheshimu, na mfuko wa maabara uko pale pale, haukuguswa hata senti. Lakini tumejifunza kitu kule visiwani. Kijana wa miaka kumi na sita mwenye mikono yenye nguvu ana mwajiri anayemsubiri ufukweni kila usiku wa giza, na analipwa asubuhi. Shule inashindana na taa za dagaa. Kwa baadhi ya vijana wetu, mazoezi ya jioni ndiyo yanayowafanya waamke wavae sare. Hatuahidi kwamba kila mwenye mpira atabaki shuleni. Tunasema tu kwamba yule winga alikuwa shuleni mpaka alipokosa boti.

La tatu: sisi wadogo tutafika wapi? Mwaka 2016, kwenye mashindano ya mataifa ya Ulaya kule Ufaransa, Iceland waliifunga Uingereza mbili kwa moja na kuingia robo fainali. Iceland wakati ule ilikuwa na watu kama 330,000. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Ukerewe zaidi ya watu 345,000. Tuliwazidi! Wao walijenga viwanja vya ndani kwa sababu ya baridi, na wakaweka makocha wenye leseni hata kwa watoto wadogo. Walikitazama kizuizi chao, wakakilipia. Chao ni baridi, chetu ni maji.

Na kwa habari ya maji hatuwezi kupita bila kuinamisha vichwa. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na tukapoteza ndugu zaidi ya 200. Humu ukumbini wapo waliozika. Ndiyo maana katika bajeti hii jaketi okozi zinatangulia kununuliwa. Mtoto hapandi boti ya Umoja bila kuvaa, na upepo ukiwa mkali safari haipo. Tutawapeleka Nansio siku moja kabla ya mchujo, walale, wale, waamke wakiwa na nguvu. Bora kulipia usiku mmoja zaidi kuliko kumharakisha nahodha.

Mchanganuo wa shule sita ni huu:

– Jaketi okozi 40 kwa Sh 60,000: Sh 2,400,000
– Boti, safari mbili kwa kila shule kwa Sh 350,000: Sh 4,200,000
– Chakula na malazi Nansio, watu 120 (wanafunzi na walimu), siku mbili, Sh 10,000 kwa siku: Sh 2,400,000
– Mipira 24, ya soka na ya netiboli, kwa Sh 45,000: Sh 1,080,000
– Viatu vya mpira jozi 108 kwa Sh 35,000: Sh 3,780,000

Jumla ni Sh 13,860,000. Baki la mwaka jana lililoko benki ni Sh 3,460,000. Tunachotafuta leo ni Sh 10,400,000. Tukipata watu 260 wa kutoa Sh 40,000 kila mmoja, tumemaliza. Mwenye zaidi asijizuie, na mwenye Sh 5,000 asikae nyuma, stakabadhi yake itaandikwa kwa kalamu ile ile.

Viatu na jaketi vitabaki kuwa mali ya Umoja, vitatunzwa shuleni kwa daftari la kutoa na kurudisha, na mwalimu wa michezo atasaini. Fedha za boti hazitapitia mkononi mwa mtu yeyote, italipwa boti yenyewe na stakabadhi itarudi kwetu. Mwakani kwenye kijitabu kama hiki mtasoma kila shilingi. Mtasoma pia hesabu nyingine ambayo hatujawahi kuiandika: watoto wangapi wa shule hizi sita walifika kwenye mchujo kwa wakati, wavulana wangapi, wasichana wangapi. Hatutawapimia kwa vikombe. Wakifika wote na asichaguliwe hata mmoja, tutaandika hivyo, na tutasema walipimwa kwa haki.

Yule winga yuko kidato cha nne sasa. Mwalimu wake alimfuata kambini mara mbili, mara ya pili akarudi naye. Umri wake bado unamruhusu, na mchujo ni mwezi Juni. Bahasha ziko mezani kwa akina mama wa kamati, na namba ya akaunti ya Umoja iko nyuma ya jalada.