HOTUBA FUPI KUHUSU BAJETI NA ULINZI WA AMANI

Tarehe 1 Disemba, 1948, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kiongozi wa Costa Rica, José Figueres Ferrer, alipiga nyundo ukuta wa ngome ya Bellavista mjini San José, akatangaza kuvunjwa kwa jeshi. Baadaye ngome hiyo ilifanywa Makumbusho ya Taifa. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 1949 kikapiga marufuku jeshi la kudumu, na Serikali ikaipa elimu kipaumbele katika matumizi yake.

Wapo wanaouliza: Je, adui akija? Alikuja. Januari 1955 waasi walivamia kutoka Nicaragua. Raia walijitolea kupigana, na Serikali ikaomba msaada wa Jumuiya ya Nchi za Amerika, uvamizi ukashindwa. Mwaka 2010 askari wa Nicaragua waliingia eneo la mpakani. Safari hii Costa Rica ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nayo mwaka 2015 ikaamua kuwa eneo hilo ni lake.

Ndugu Wananchi, wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Wenzetu hao walichagua maji. Lakini maji nayo huchotwa: mwalimu, mwanasheria na balozi hawapatikani bila ya fungu katika bajeti. Nchi inayotaka amani haina budi kuigharamia kabla ya vita, wala si baada yake.