Ringi za Pistoni na Namba ya Injini: Mazungumzo na Waendesha Bodaboda wa Mulago

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Ofisa Uhusiano wa Polisi mbele ya waendesha bodaboda wa Mulago, Kampala. Tumeyachapa kwa ajili ya wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, ambako maswali yayo hayo huulizwa kila mara.

Nazungumza Kiswahili kwa sababu natazama nyuso hizi na kuona wenyeji wa Kampala, lakini pia watu waliotoka Busia, Kasese na Arua. Na lugha hii hatumwachi mtu nje ya mlango.

Mtashangaa polisi kuja kuwaeleza habari za ringi za pistoni. Kwa desturi, tukija hapa husema helmeti, leseni na abiria watatu juu ya kiti kimoja, nanyi huitikia “ndiyo, afande”, na kesho mambo yakawa yale yale. Leo nimependa kuanzia mbali kidogo, yaani kwenye moshi.

Kijana mmoja, ambaye sitamtaja, aliona pikipiki yake ikitoa moshi wa rangi ya samawati na kuchoka kila ikipanda mlima. Mtu akamshauri asihangaike na ringi, bali anunue nusu ya injini iliyokwisha kutumika, ifungwe kwa asubuhi moja, aingie kazini mchana. Akainunua kwa fedha taslimu, bila karatasi yoyote, kwa mtu aliyekutana naye barabarani. Wiki chache baadaye askari walimsimamisha kizuizini na kulinganisha namba. Namba ya injini haikuwa ile iliyoandikwa katika logibuku. Ilikuwa ya pikipiki iliyoripotiwa kuibwa katika wilaya ya mpakani. Pikipiki ikazuiliwa kuwa kielelezo, naye akaandikishwa maelezo. Pikipiki ilisimama, lakini marejesho ya mkopo wake hayakusimama hata wiki moja. Jambo linaloniuma ni kwamba tatizo lake la kwanza lilikuwa vipete vitatu vinavyoenea katika kiganja cha mtoto.

Basi tuvitazame hivyo vipete. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda maelfu ya mara kwa kila dakika. Katika injini hizi za mipigo minne mnazotumia, pistoni hufungwa ringi tatu. Mbili za juu huzuia nguvu ya mlipuko isipenye kwenda chini. Ya tatu hukwangua oili kutoka ukutani mwa silinda ili isipande juu na kuungua. Ringi zikichakaa, nguvu hupotelea chini na oili hupotelea juu. Ndiyo maana pikipiki huchoka na kutoa moshi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana oili uliyotia Jumatatu huioni Ijumaa.

Lakini msikimbilie kufungua. Moshi unaotoka asubuhi tu wakati wa kuwasha, kisha ukakoma, aghalabu hutoka kwenye sili za valvu, nazo ni kazi nyingine ndogo zaidi. Moshi unaozidi kila unapovuta mafuta, ukiwa njiani na abiria, ndio unaoelekeza kwenye ringi. Kuna jaribio la zamani ambalo mafundi wazee hulitumia: ng’oa plagi, dondosha oili kidogo, kama kijiko cha chai, katika tundu lake, kisha rudisha plagi na ukanyage kiki. Kama kiki iliyokuwa nyepesi imekuwa nzito ghafla, oili imeziba kwa muda pale ambapo ringi zimeshindwa kuziba. Hapo umeujua ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Sasa, kazi hii yaweza kufanywa nyumbani? Yaweza, ikiwa una zana na subira, na ikiwa yupo karibu mtu aliyekwisha kuifanya. Ila nyumba zetu za hapa Mulago, na zile za Kalerwe na Bwaise chini kule, zimebanana. Chumba kimoja ndicho jikoni, ndicho stoo, ndicho karakana. Mama ameweka jiko la makaa mlangoni, nawe unafungua tangi la petroli hatua tatu tu kutoka hapo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye moto, na moto huurudia upesi kuliko mtu anavyoweza kuruka. Nawaomba: kazi hii ifanyike nje, jiko likiwa limezimwa, watoto wakiwa mbali, na ndoo ya mchanga mkavu ikiwa karibu. Wala injini isijaribiwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu ya kumwonya aliyelala.

Funga koki ya petroli, ondoa kiti na tangi, kisha bomba la moshi na kabureta. Injini iwe baridi kabisa. Izungushe kwa mkono mpaka pistoni ifike juu na alama za taimingi zilingane. Zipige picha kwa simu, maana baada ya saa mbili utabishana na kumbukumbu yako mwenyewe. Mnyororo wa taimingi ufunge kwa waya usije ukatumbukia. Nati za hedi zilegezwe kidogo kidogo kwa kupishana kona kwa kona, zisilegezwe moja hadi mwisho, kwa kuwa hedi iliyopinda haitaziba tena. Inua hedi, kisha silinda.

Hapa niseme kosa langu. Mwaka ule nilipojaribu kazi hii na pikipiki yangu sikuziba mdomo wa chini wa injini kwa kitambaa. Klipu ya pini ya pistoni, kitu kidogo kuliko ukucha, iliniponyoka ikatumbukia ndani. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku tatu, na fundi aliyenisaidia hakuacha kunicheka. Zibeni kwa kitambaa safi kabla hamjagusa klipu hiyo, na mkifunga tena tieni klipu mpya.

Silinda ikiwa mkononi, usiamini macho peke yake. Chukua ringi mpya, iingize ndani ya silinda na uisukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha upime mwanya uliobaki kati ya ncha zake mbili kwa vile vibamba vya kupimia nafasi. Kitabu cha mtengenezaji hutaja kiasi kinachokubalika, nacho ni sehemu ndogo sana ya milimita. Mwanya ukizidi kiasi hicho hata kwa ringi mpya, silinda ndiyo iliyokwisha. Vivyo hivyo ukiona mikwaruzo inayonasa ukucha, au ngazi karibu na ukingo wa juu. Silinda ya namna hiyo huchongeshwa na kufungwa pistoni kubwa kidogo pamoja na ringi zake. Hatua ya kwanza kwa kawaida huwa 0.25 ya milimita, inayofuata 0.50. Anayetia ringi mpya katika silinda iliyokwisha amenunua moshi wa mwezi ujao.

Ringi huvunjika upesi, basi zipanuliwe kwa kiasi cha kupita juu ya pistoni tu. Alama iliyochongwa kwenye ringi itazame juu. Myanya ya ringi hizo isipangwe kwenye mstari mmoja. Igawanywe kuzunguka pistoni, vinginevyo umeifungulia nguvu mlango wa kutokea. Paka oili safi, tumia gasketi mpya, rudisha silinda taratibu, kaza nati za hedi kona kwa kona kwa kadiri ya kitabu, kisha rekebisha valvu. Kabla ya kukanyaga kiki, zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa. Kitu kikigota, simama. Usiishinde kwa nguvu.

Kilomita mia chache za mwanzo si za mkungu wa matoke wala abiria wawili. Endesha polepole, badilisha oili mapema. Najua mwenye marejesho ya kila wiki hapendi kusikia habari hii, lakini pistoni ikikwama kwa joto mkiwa katika mwendo, tairi la nyuma laweza kujifunga papo hapo. Jambo la kufanya ni kuvuta klachi mara moja na kuacha pikipiki iserereke hadi kando. Ninyi mnaoegesha karibu na lango la hospitali hii mmeona wanavyoletwa wenzenu. Sina haja ya kueleza zaidi.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya hapa humwaga Nsooba, na Nsooba humwaga Lubigi, kunakokuwa mafuriko ya watu wale wale tunaowachukua asubuhi.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Ringi, pistoni, gasketi, hata silinda yenyewe, ni vipuri vya kuchakaa. Kuvibadilisha hakubadilishi utambulisho wa pikipiki. Namba ya injini imegongwa kwenye lile ganda la chini ambalo mafundi huliita krankesi, na namba ya fremu imegongwa shingoni mwa pikipiki. Siku mtu anapokuambia, “tubadilishe nusu ya injini nzima”, ujue hapo umetoka katika ufundi na kuingia katika usajili. Si haramu kubadilisha krankesi. Lakini ni lazima uwe na stakabadhi yenye jina la muuzaji na namba ya injini hiyo, na mamlaka ya usajili ijulishwe ili kumbukumbu zirekebishwe. Na kama logibuku iko kwa aliyekukopesha, naye aambiwe kabla, kwani kwa mujibu wa mkataba wenu chombo hicho bado ni chake kwa sehemu.

Mtu aliyesugua namba kwa tupa ametenda kosa, na anayenunua akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi, naye ana kesi. Maneno hayo, “sababu ya kuamini”, yazingatieni. Injini inayouzwa usiku, kwa bei ya kutupa, ikiwa na namba iliyokwaruzwa, imekupa sababu ya kutosha.

Msidhani twafuata namba kwa kupenda usumbufu. Tarehe 1 Juni 2021, huko Kisaasi, si mbali na hapa, watu wenye bunduki waliopanda pikipiki walimshambulia Jenerali Katumba Wamala, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi. Yeye alijeruhiwa, binti yake na dereva wake waliuawa. Baada ya tukio kama hilo, namba ndiyo inayomtenga mwendeshaji mwema na muuaji, na namba isiyolingana humweka mwema mahali pabaya.

Nawakumbusha pia watakaosoma maneno haya mpakani. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa huko kwenu, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kati ya kituo cha mpaka na kingine, Busia na Malaba. Mpaka ambao uliwapa riziki ndio huo huo unaotumiwa na mwizi: pikipiki huibwa upande mmoja, hufunguliwa vipande, na injini yake huuzwa upande wa pili, mahali ambapo mwenyewe hatafika kuitafuta. Mnunuzi wa mwisho huwa mtu maskini aliyetaka kuzima moshi tu. Anayenunua kipuri ng’ambo na akivushe kwa njia ya forodha, atunze karatasi zake pamoja na logibuku, si chini ya kiti ambako mvua huingia.

Ukiwa na shaka juu ya injini kabla hujailipia, njoo kituoni na namba yake. Nasema kabla hujailipia. Askari atakayekudai chochote kwa kuiangalia, jina lake niletewe mimi.

Mwenyekiti, nimemaliza, naomba maswali. Na ndugu yule aliyesimama nyuma na injini ndani ya gunia tangu nilipoanza kusema, tafadhali usiondoke. Sikukamati. Tuifungue tusome namba, wewe na mimi, mbele ya watu hawa.