Michoro ya Grant irudi Karagwe

Msikilizaji, mwishoni mwa mwaka 1861 Mskoti James Augustus Grant aliingia ufalme wa Karagwe pamoja na mpelelezi mwenzake Speke, wakakaribishwa na Mukama (mfalme) Rumanyika. Kidonda cha mguu kilimzuia Grant huko hadi Aprili 1862. Katika safari yao alikusanya mimea na kuchora alichokiona. Jumuiya ya Linnean ya London ilianza kuchapisha maelezo ya mimea ya safari hiyo mwaka 1872. Michoro yake mingi iko Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh.

Grant alichora jani kama lilivyo. Mama zetu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa wamekwenda mbali zaidi: hulichukua jani lenyewe, wakalisuka mpaka likawa mistari na pembe tupu kwenye mkeka. Hiyo nayo ni sanaa ya mimea.

Halmashauri zetu mbili ziombe nakala za michoro ile. Zitundikwe mjini Kayanga, kando ya mikeka yetu. Mtoto aliyekulia chini ya mgomba na mbuni anastahili kuona kwamba majani ya kwao ni elimu, tena ni sanaa.