Mtoto Anayejifunza Kupigana Avae Nini?

Leo hatusemi juu ya surua. Tunasema juu ya kijana wako anayeomba franka za vifaa vya ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka.

Kama franka ni kidogo, nunua kwanza kilinda-meno. Kinalainishwa ndani ya maji ya moto, halafu mtoto anakiuma mpaka kishike umbo la meno yake. Jino la ukubwa likitoka, lingine halioti. Kijana avae pia kikombe kigumu cha kulinda sehemu za siri. Glavu nyembamba za mashindano, za gramu 113 hivi, si za mazoezi na mwenzake; kwa mazoezi achukue nene.

Kaptula isiwe na mifuko wala zipu, kidole kinaweza kunaswa. Ufue nguo kila mara, glavu zikauke vizuri, na asiazime za wengine: choa kinapita hapo.

Sasa kofia. Mama mmoja aliniambia, "Lakini alikuwa na kofia!" Na mutoto alikuwa anatapika tangu jana. Mama, kofia inasaidia ngozi isipasuke. Ubongo unatikisika tu ndani. Akipigwa kichwa kisha akatapika, ao akasinzia ovyo, ao maneno yake yakachanganyika, umulete hospitali saa ile ile, hata usiku. Na asirudi mazoezini mpaka munganga amuruhusu.